Kauboi, Maporomoko na Sauti: Urithi wa Trader Horn

Mashabiki wa filamu za makauboi walimjua Harry Carey tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimleta Afrika Mashariki kuigiza mfanyabiashara Horn katika filamu ya Trader Horn, chini ya mwongozaji W. S. Van Dyke. Duncan Renaldo, aliyeigiza kijana Peru, naye alikuja kuvuma baadaye kama kauboi Cisco Kid.

Msafara ulipiga picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Mitambo ya kunasa sauti ilikuwa mizito, ikibebwa kwa lori, na matukio kadhaa ya mazungumzo ilibidi yapigwe upya baada ya msafara kurudi Marekani.

Hata hivyo, ufundi wa filamu hiyo unaonekana. Horn anapita porini na Peru, akimtajia mnyama mmoja baada ya mwingine. Anazungumza, kisha kamera inaonyesha mnyama mwenyewe. Picha ya Afrika na sauti ya mwigizaji zimeshonwa hadi mtazamaji anahisi yumo safarini. Maporomoko ya Murchison ya Uganda nayo hayahitaji maelezo.

Filamu ilitoka mwaka 1931 na kuwania Oscar ya filamu bora, ikashindwa na Cimarron, filamu ya makauboi. Mwaka uliofuata Van Dyke alitumia mabaki ya picha zake katika Tarzan the Ape Man. Hivyo ndivyo mbuga zetu zilivyogeuzwa makazi ya Tarzan.

Urithi huo una doa. Edwina Booth anaigiza mwanamke mzungu anayeabudiwa na Waafrika kama mungu, ilhali wao wenyewe wamefanywa umati wa nyuma. Mkenya Mutia Omoolu, aliyepelekwa hadi Hollywood, anaigiza Renchero, mbeba bunduki wa Horn: ana uso wenye nguvu, maneno machache, na anakufa kabla ya mwisho.

Kwa watazamaji wa Makambako na Njombe waliozoea muvi zilizotafsiriwa, pengo hilo la maneno linaonekana haraka. Mtafsiri wa kibanda cha video huwapa wahusika Kiswahili, akaongeza utani na maelezo ambayo mwandishi wa filamu hakuyawaza. Studio ya mwaka 1931 haikumpa Renchero nafasi kama hiyo. Mwalimu anayetaka kufundisha filamu hii aanze na matukio ya Renchero: awaombe wanafunzi wazime sauti, wamtazame Omoolu, kisha wamwandikie mazungumzo yake wenyewe.