"Kwani Gaidi Ana Haki Gani?"

Kila ninapomaliza kuzungumza juu ya sheria za vita, mkono wa kwanza kunyooshwa huja na swali lile lile: "Kwani, mwalimu, gaidi ana haki gani?" Huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Leo nalijibu kwa maandishi, tuachane nalo.

Imani iliyoenea vijiweni, na hata bungeni, ni kwamba mtu akishaandikwa kwenye orodha ya magaidi, damu yake ni halali popote aonekanapo, hata kwa kombora la droni. Hakuna mkataba unaosema hivyo. Orodha ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, iliyotokana na Azimio 1267 la mwaka 1999, huzuia mali, safari na silaha. Basi. Kombora halimo.

Tazama Al-Shabaab. Marekani iliitangaza kuwa kundi la kigaidi mwaka 2008. Lakini ni mwishoni mwa 2016 ndipo serikali ya Obama ilipoliingiza kundi zima katika vita vilivyoidhinishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 2001, dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya Septemba 11. Kabla ya hapo wanasheria wa Washington walilazimika kuonyesha uhusiano wa kila mlengwa na Al-Qaeda. Kama jina lingetosha, walihangaika miaka yote hiyo kwa lipi? (Idhini yenyewe haiitaji Somalia, wala Al-Shabaab, ambayo wakati huo ilikuwa haijajulikana. Ubishi wa kweli uko hapo, na hakuna anayeniuliza.)

Sheria huuliza mambo mengine. Pana vita, na huyu anapigana ndani yake? Kama hapana, zinatumika kanuni za polisi: unaua pale tu ambapo hakuna njia nyingine ya kuokoa maisha. Mwenye anga, yaani nchi inayoshambuliwa ndani yake, ameridhia? Asiporidhia, unabaki na haki ya kujihami, nayo ina masharti. Waraka wa Wizara ya Sheria ya Marekani uliofichuka mwaka 2013 ulidai kwamba tishio linaweza kuwa la papo hapo bila ushahidi wazi wa shambulizi mahususi linalokuja karibuni. Anayeielewa hoja hiyo anifundishe.

Wajuaji hukimbilia hapa: droni haikosei. Kabul, Agosti 29, 2021, wanajeshi wa Marekani waliokuwa nyuma ya kamera waliifuata Corolla nyeupe kwa saa nane hivi, wakaona wanaume wakipakia madumu, wakaamini ni mabomu. Kombora lilitua pale pale lilipotumwa. Madumu yalikuwa ya maji na dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada. Walikufa raia 10, na 7 kati yao walikuwa watoto. Pentagon ilikiri baada ya wiki mbili na ushei. Karibu na El Buur, Somalia, Aprili 1, 2018, tangazo la kwanza lilisema wameuawa magaidi watano, raia hakuna. Mwaka mmoja baadaye jeshi la Marekani likakubali kwamba lilikuwa limeua mwanamke na mtoto. Nani aliyewafanya magaidi? Mwandishi wa tangazo, baada ya kufa kwao.

Haya, dawa ya makosa hayo. Mahakama za Marekani zimekwepa: baba wa Anwar al-Awlaki, raia wa Marekani, alikwenda mahakamani mwaka 2010 mwanawe akiwa hai, kuzuia asiuawe, kesi ikatupwa, mwana akauawa Yemen Septemba 2011, na kesi iliyofuata ikatupwa 2014. Kutangaza idadi ya waliouawa nje ya medani za vita, Obama aliagiza 2016, Trump akafuta 2019. Ujerumani, Julai 2025, Mahakama ya Katiba iliwakatalia Wayemeni waliolalamikia kambi ya Marekani ya Ramstein kusaidia mashambulizi ya droni, ila ikakubali kwamba nchi mwenyeji yaweza kuwa na wajibu kwa walio nje ya mipaka yake. Kenya, yenye wanajeshi wa Marekani kule Manda, Lamu, iisome hukumu hiyo. Dawa iliyobaki ndiyo rahisi kuliko zote: ridhaa yenye masharti. Mogadishu inaweza kudai uchunguzi wa pamoja na fidia kwa familia kabla ndege haijaruka. Kwa hiyo mkono ukinyooshwa tena, muulizeni waziri wa nchi iliyoridhia kama ridhaa hiyo imeandikwa, na ni mbunge gani aliyeiona.