Mshale Uendapo Upande, Tukague Upinde Kwanza

Kwa wiki tatu tulimlaumu binti yetu bure. Upinde alioletewa na mjomba wake kutoka Sharjah ulikuwa wa kisasa, wenye roda mbili, moja katika kila ncha, nasi tuliokaa mkekani uani tukimtazama tuliamini kwamba chombo cha thamani namna ile hakiwezi kuwa na ila. Mishale iliondoka ikitikisa mkia kama samaki aliyetolewa majini, ikaingia shabahani kwa ubavu. Mmoja wetu akasema mikono ya mtoto ni mepesi. Mwingine akasema hana utulivu. Binti wa miaka 16 akisikia maneno hayo kila alasiri huyaamini. Baada ya swala ya Ijumaa moja aliutundika upinde ukutani, akasema hautaki tena.

Jambo hili lilitutia simanzi, kwani kulenga shabaha si mchezo wa kigeni katika nyumba za Waislamu. Mtume wetu Muhammad (SAW) aliuhimiza, na siku ya Uhud bibi Nusaybah bint Ka'b, Ummu Umara, alipigana kwa upanga na kwa upinde akimkinga.

Aliyetufumbua macho ni mama yetu, nyanya yake binti, mjane wa nahodha. Aliuliza swali moja tu: "Chombo mmekikagua?" Kwake yeye roda si kitu kigeni. Roda ikikwama, foromali haipandi sawa, na hakuna baharia anayelaumiwa kwa hilo.

Upinde wa namna hii ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri, aliyepata hataza yake mwaka 1969. Roda zake hazizunguki kama gurudumu la kawaida. Upote unapovutwa uzito hupanda, kisha ukifika mwisho hupungua sana. Upinde wa ratili 40 unaopunguza asilimia 75 humwachia mpigaji ratili 10 tu za kushikilia anapolenga. Ndiyo sababu unawafaa wengi wasio na misuli ya wapagazi. Lakini roda mbili hizo hazina budi kufika mwisho pamoja; moja ikitangulia, mkia wa mshale husukumwa juu au chini. Zetu zilikuwa sawa. Zisingekuwa sawa, tungezipeleka kwa fundi mwenye mtambo wa kuubana upinde, kwa maana kamba zile zimekazwa kwa nguvu za kuvunja vidole.

Tukageukia jaribio la karatasi. Tulitandaza karatasi kwenye fremu ya mbao, shabaha nyuma yake, binti akasimama kiasi cha mita mbili. (Tulichagua karatasi tupu, kurasa za jarida hili zina majina ya Mwenyezi Mungu, hazitobolewi.) Mshale unaokwenda sawa huacha tundu moja lenye alama za manyoya pembeni. Wetu uliacha mchano mrefu, manyoya yamepita juu ya tundu la ncha kwa upana wa vidole viwili. Maana yake mkia ulikaa juu mno kwenye upote. Tulishusha kitanzi cha upote milimita moja, tukapiga mishale mitatu, tukashusha nyingine. Kila badiliko tuliliandika daftarini, wala hatukugusa mambo mawili kwa wakati mmoja; anayegusa mawili hajui lipi lililomponya.

Mchano wa juu ukaisha, ukabaki wa ubavuni. Tulisogeza kiegemezo cha mshale kidogo kidogo, ndani na nje, bila faida. Tuliyapaka manyoya poda ya mtoto tuone kama yanakwaruza kiegemezo: poda haikuguswa. Hapo ndipo tulipoisoma nambari iliyoandikwa kwenye wano, yaani mwili wa mshale. Iliandikwa 300.

Nambari hiyo ni kipimo cha ugumu. Wano huegemezwa pande mbili zilizoachana inchi 28, kisha hutundikiwa katikati uzito wa gramu 880 hivi. La 500 hupinda nusu inchi. La 300 hupinda chini ya theluthi. Kila mshale hupinda unapofyatuliwa, kisha hujinyoosha njiani, na ulio mgumu kupita nguvu ya upinde hukosa kupinda inavyotakiwa. Mishale ile ilikuwa ya mjomba mwenyewe, mtu wa kifua kipana na upinde wa ratili 70! Tuliagiza ya 600.

Wazazi wenye upinde nyumbani wasikubali upote ufyatuliwe bila mshale, hata kwa mzaha. Nguvu isiyo na pa kwenda huuvunja upinde usoni mwa mtoto. Wano la kaboni nalo hukunjwa kidogo kwa mikono na kusikilizwa kabla ya kutumiwa. Likialika, litupwe.

Mwaka 2024, katika Michezo ya Paralimpiki ya Paris, fainali ya wanawake ya upinde wa roda iliwakutanisha Öznur Cüre Girdi wa Uturuki na Fatemeh Hemmati wa Iran. Dhahabu ikaenda Uturuki. Binti yetu aliitazama fainali hiyo kwenye simu mara nyingi siku alizokuwa amesusa.

Mishale mipya ilifika Jumanne. Wa tatu uliacha tundu moja na alama tatu za manyoya. Karatasi ile ameibandika mlangoni mwa chumba chake, na sisi tulimwomba radhi mbele ya nyanya yake.