Kobalti inayofundishwa kusimama pahali pake

Kobalti ya Kolwezi inajulikana zaidi juu ya batri za telefone na motokari za umeme. Lakini katika maabara za Ulaya na Marekani, metali hiyo iko na kazi ingine: kutunza habari ndani ya waya nyembamba kupita unywele.

Ndani ya chuma, nikeli ao kobalti, kila atomu ni kama sumaku ndogo. Mwaka wa 1907, Mufaransa Pierre Weiss alieleza kwamba atomu hizo zinajigawa katika maeneo, na kila eneo linaelekea upande wake. Kati ya maeneo mawili kuna mupaka. Upande mumoja ukihesabiwa 0 na mwingine 1, habari imeandikwa.

Diski ya ordinatere inazunguka ili habari ifikie kifaa cha kusoma. Stuart Parkin, wakati alikuwa akitumika IBM kule California, alitoa wazo lingine: waya ibakie pahali pake, mipaka ndiyo itembee.

Itasukumwa na nini? Ukitumia sumaku ya inje, mipaka miwili yenye kufuatana inaenda kila mumoja upande wake. Inaweza kukutana na kufutana, na habari inapotea. Lakini umeme ukipita ndani ya waya unaisukuma yote upande mumoja. Mwaka wa 2008, kikundi cha Parkin kilionyesha waya yenye kuhamisha biti 3 kwa njia hiyo.

Kutembea peke yake hakutoshi. Mupaka ukipita pahali pake, 0 inasomwa kama 1. Kwa hiyo umeme unatumwa kwa mapigo mafupi sana yenye kupimwa, na waya zingine zinakatwa alama ndogo pembeni ili mupaka ushikwe pale. Umeme ukizidi, waya inapata moto.

Mwaka wa 2015, Parkin, aliyekuwa amekwisha kuhamia Taasisi ya Max Planck katika muji wa Halle, Ujerumani, alitangaza pamoja na wenzake mwendo wa metre 750 kwa sekonde, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti. Walipanga tabaka za kobalti na nikeli katika sumaku mbili zenye kuelekea pande tofauti, na kati yazo wakaweka ruteniamu.

Kumbukumbu hiyo haijaenea sokoni. RDC inachimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, lakini katika waya hiyo kobalti ni unene wa atomu chache tu. Hapo tani haihesabiki. Kinacholipwa ni ujuzi wa kupanga atomu, na ujuzi huo unaanzia katika masomo ya fizikia.