Kamera ya Mtego Huzimika Usiku: Chagua Betri kwa Makini

Katika vijiji vya Taita Taveta vinavyopakana na mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, kamera ya mtego iliyofungwa kwenye mti karibu na zizi hujipiga picha yenyewe mnyama anapopita. Picha hiyo humwonyesha mfugaji kama mbuzi wake aliuawa na chui, simba au fisi. Pia anaweza kuiambatanisha na ripoti yake kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) anapodai fidia chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013.

Tatizo ni kwamba kadi ikifunguliwa, wakati mwingine huwa na picha za mchana tu: kuku, watoto na mwenye boma mwenyewe.

Sababu ni betri. Mchana kamera hutumia umeme kidogo. Usiku huwasha taa za infraredi, ambazo mwanga wake hauonekani kwa macho, na taa hizo huvuta umeme mwingi kwa mara moja. Betri iliyochoka huweza kupiga picha safi saa sita mchana, kisha saa sita usiku ikatoa picha nyeusi au kamera ikazimika. Anayeikagua asubuhi huona iko sawa.

Mawe ya bei nafuu ya redio na tochi, yale ya zinki na kaboni, hayafai kabisa kwa kazi hii. Betri za alkalaini ni afadhali, lakini nguvu yake huanza kwa volti 1.5 na kushuka polepole tangu siku ya kwanza. Zinatosha kwa kamera iliyo karibu na nyumba, inayokaguliwa mara kwa mara. Zikisahaulika ndani huvuja na kuharibu vyuma vya kamera.

Betri za lithiamu zisizochajiwa ni ghali, ila hushikilia volti 1.5 hadi karibu na mwisho, na hustahimili joto la nyuzi 60. Kwa kamera iliyo mbali ndani ya ranchi, nauli ya bodaboda ya safari mbili za bure huenda ikazidi tofauti ya bei.

Kikundi chenye chaja kinaweza kutumia zile za kuchajiwa za aina ya NiMH. Hizo ni za volti 1.2, kwa hivyo kijitabu cha kamera kisomwe kwanza, kwani baadhi ya kamera huzihesabu kuwa zimeisha.

Betri mpya zisichanganywe na kuukuu, wala aina mbili tofauti. Moja dhaifu huangusha zote. Baada ya kuziweka, wakazi wanashauriwa kupita mbele ya kamera giza likishaingia, kisha kuangalia picha iliyotoka.

Betri zilizokwisha zisitupwe kwenye moto, hasa za lithiamu, kwa sababu zinaweza kulipuka.