Radi Haitumwi: Funzo la Mvuvi wa Ziwa Victoria

Kila mwalimu aliyefundisha Lugulu anaifahamu ile saa ya alasiri ambapo somo hukatika lenyewe. Mawingu hurundikana upande wa Mlima Elgon, mvua ya mawe huanza kupiga mabati, na sauti ya mwalimu humezwa na ngurumo. Mwaka mmoja, alasiri kama hiyo, radi ilimwua ng'ombe wa jirani yetu chini ya mkalitusi. Kabla mzoga haujaondolewa, jina la mzee mmoja lilikuwa limekwisha kutajwa. "Ameituma," watu wakanong'ona. Usiku ule mzee huyo alilala kwa binti yake, na hakurejea kwake kwa miezi kadhaa.

Kisa hicho kilinisumbua kwa muda mrefu. Aliyenipa maneno ya kukieleza darasani, hata hivyo, hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mvuvi wa omena kule Port Victoria, ambako Mto Nzoia, huu huu upitao Webuye karibu nasi, humwagika katika Ziwa Victoria.

Nilikuwa mgeni wa mwalimu mwenzangu, na jioni tulishuka ufuoni kutazama mashua zikiandaliwa. Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Taa huwashwa juu ya maji, samaki hao wadogo hufuata mwangaza, kisha nyavu huvutwa. Nahodha mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alitazama upande wa kusini-magharibi. Umeme ulikuwa ukimetameta mbali, bila sauti. Akawaamuru vijana wake wakunje nyavu.

"Mzee, juu yetu kuna nyota," kijana mmoja akalalamika.

"Mwanangu," akajibu, "nyota hazizuii radi. Nikifika huko katikati ya maji, ni nani aliye mrefu kuliko mimi?"

Msomaji mpenzi, swali hilo fupi limebeba somo zima la fizikia. Ndani ya wingu la dhoruba, chembe za barafu na mvua ya mawe hugongana na kutengana zikiwa na chaji za umeme. Chaji hasi hukusanyika sehemu ya chini ya wingu. Zinapozidi kiasi, huteremka kutafuta ardhi, na aghalabu hupokewa na kitu kilichochomoza kuliko vingine: mti, mlingoti, au mtu aliyesimama mahali tambarare. Njia ya radi hewani hufikia joto la takriban nyuzi 30,000 za selsiasi, mara tano ya joto la uso wa jua. Ziwani hakuna mti wala mnara. Mvuvi anayesimama kuvuta wavu ndiye mnara wenyewe. Hata radi ikiyapiga maji kando yake, umeme husambaa juu ya uso wa maji na unaweza kumfikia aliyetumbukiza mikono.

Mzee yule alijua pia jambo ambalo wataalamu wa hali ya hewa wamelithibitisha: radi ina saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, na upepo huvuma kutoka ziwani hadi kwenye miinuko ya Kakamega, Nandi na Elgon. Ndiyo maana Lugulu hupigwa alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, pepo hutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye vuguvugu, na dhoruba huzaliwa humo ziwani. Hiyo ndiyo saa ambayo mvuvi wa omena yuko kazini. Mwanafunzi wa Lugulu na mvuvi wa Port Victoria wanakabiliwa na hatari moja kwa zamu, na omena tunaowanunua katika masoko ya Bungoma na Kitale wamevuliwa katika zamu ile mbaya zaidi.

Je, afanye nini mvuvi? Ukweli mchungu ni kwamba mashua iliyo wazi haina mahali salama. Kushusha mlingoti, kuketi chini katikati ya mashua, kuacha kugusa injini na vyuma, kutoa mikono majini: hayo yote hupunguza hatari kidogo tu. Uamuzi wa kuokoa maisha hufanywa ufuoni. Najua si uamuzi rahisi. Mafuta yamekwisha kununuliwa kwa mkopo, mwenye mashua anangoja fungu lake, na nyumbani kuna karo. Lakini hasara ya usiku mmoja hulipika.

Sisi walimu tunaweza kusaidia, kwani hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Mwanafunzi akiona umeme na kuhesabu, kisha ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na inaweza kumfikia hata kama mvua haijaanza. Aondoke uwanjani, asikimbilie mti, aingie katika jengo imara, na asitoke hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Aguswe mara moja, na kama hapumui apuliziwe pumzi na kukandamizwa kifua, kwani wengi wanaweza kuokolewa.

Jengo nalo lazima liwe na kinga: fimbo ya chuma juu ya paa, iliyounganishwa na ardhi kwa waya wa shaba. Mnamo Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, radi moja iliua wanafunzi 18 waliokuwa shuleni mwao. Hakuna mwenye akili timamu awezaye kusema watoto wale walikuwa na adui mmoja.

Siwadharau wazee wetu. Masimulizi ya Wabukusu husema kwamba mawinguni yuko jogoo mkubwa mwekundu. Akipiga mbawa ni umeme, akiwika ni ngurumo. Ni hadithi nzuri, na jogoo huyo hakuwa na haja ya kutumwa na jirani. Aliyemwongeza mchawi ndiye aliyetuharibia. Kwa sababu ya mchawi huyo, tunamfukuza mzee asiye na hatia, kisha tunarudi kusimama chini ya mkalitusi ule ule.

Nahodha yule hakusoma fizikia. Aliitazama mbingu, akajiuliza swali la kweli, akakunja nyavu. Ngurumo ya kesho alasiri itakapokatiza somo, tuwafunze watoto wetu kuuliza kama yeye: si "Nani ameituma?" bali "Nimesimama wapi?"