Barabara salama Mururu: ombi la mwananchi lipelekwe wapi?

Tarafa ya Mururu, wilayani Rusizi, imepakana na mto unaoitenganisha Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko ndiko uliko mpaka wa Rusizi ya Pili, mojawapo ya njia za kuelekea Bukavu. Katika barabara za eneo hilo hukutana lori la mizigo, pikipiki ya abiria, mama mchuuzi aliyejitwika beseni na mtoto aendaye shule. Wote hutumia njia moja, lakini hatari haiwaangukii kwa kipimo kimoja. Dereva wa lori amezungukwa na chuma, ilhali mwenda kwa miguu hana cha kumkinga.

Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinathibitisha hilo. Ripoti yake ya mwaka 2023 inaeleza kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Kwa watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna chanzo cha vifo kinachozidi ajali hizo.

Chanzo kikubwa ni mwendo kasi. Kwa mujibu wa shirika hilo, wastani wa mwendo wa magari ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua hupanda kwa asilimia 4. Ndiyo sababu Rwanda, kupitia amri ya rais ya mwaka 2015, iliagiza magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2019 Polisi ya Taifa ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani «fika salama».

Hata hivyo, kampeni humwonya dereva, lakini haijengi njia ya waenda kwa miguu wala haichori kivuko mbele ya shule. Hayo huhitaji bajeti, na bajeti huhitaji ombi lililofika mahali panapostahili.

Barabara hii ni ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo mkazi anapaswa kujiuliza. Barabara kuu za taifa ziko chini ya Wakala wa Maendeleo ya Usafirishaji, RTDA, na barabara za wilaya ziko mikononi mwa wilaya yenyewe. Leseni na nauli za mabasi husimamiwa na mamlaka ya udhibiti, RURA. Dereva anayevunja sheria ni wa polisi wa usalama barabarani, na ajali huripotiwa kwa nambari 113.

Ombi la tuta lililopelekwa kwa msimamizi wa mabasi halitajenga tuta. Lakini mwananchi halazimiki kusafiri hadi Kigali ili asikilizwe. Mikutano ya wananchi, inayojulikana kama inteko z'abaturage, pamoja na mazungumzo yanayofuata kazi ya umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ni mahali halali pa kuwasilisha hoja ili viongozi waifikishe ngazi za juu. Ikumbukwe pia kuwa mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai mosi. Hoja inayotolewa Juni hukuta mafungu yamekwisha kugawanywa, na anayetaka kivuko mwakani yafaa aseme mapema.

Usafiri kwa kila mmoja

Barabara inaweza kuwa salama kwa mtu mzima mwenye nguvu, ikawa kizuizi kwa mwingine. Ngazi ndefu ya basi dogo humshinda mzee, na mtaro usio na kifuniko ni mtego kwa asiyeona. Katika mpaka wa Rubavu na Goma, watu wenye ulemavu wa miguu wamejipatia riziki kwa kusafirisha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Kwao, njia iliyonyooka ndiyo mtaji.

Suala hili lisichukuliwe kuwa fadhila. Tangu mwaka 2007 Rwanda ina sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu, na mwaka 2008 iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kifungu chake cha 9 kinazitaka nchi kuhakikisha kuwa barabara na vyombo vya usafiri vinafikika. Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu lina kamati hadi ngazi za chini. Ombi la barabara linalopitia pia kwenye kamati hizo huwa na uzito zaidi.

Mfano wa Dar es Salaam

Je, marekebisho madogo huleta tofauti? Nchini Tanzania, shirika la Amend lilichunguza njia za watoto kuelekea shule zilizokabiliwa na ajali nyingi, kisha likaweka matuta, alama, vivuko na njia za miguu, na penye ulazima likahamisha lango la shule. Watafiti waliofuatilia kazi hiyo waliona majeraha yakipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI. Katika jiji hilohilo, vituo vya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016, vina sakafu iliyoinuliwa ili abiria aingie bila kupanda ngazi.

Funzo kwa Mururu ni kwamba kazi ilianza kwa kutazama. Ombi zuri hutaja mahali hasa, saa ya msongamano, nani huvuka hapo na nini kinatakiwa. «Barabara yetu ni mbaya» ni lalamiko. «Wanafunzi huvuka kwenye kona hii saa moja asubuhi, na hapana kivuko wala alama» ni hoja inayoweza kuandikwa, kukaguliwa na kutengewa fedha.

Wasemaji wa Kiswahili wana nafasi ya pekee. Madereva wa Tanzania wanaoleta mizigo wamezoea kuendesha upande wa kushoto, ilhali Rwanda na Kongo huendesha kulia. Onyo la Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini tangu mwaka 2017, humfikia dereva huyo bila mkalimani. Hilo nalo ni ombi linalofaa kutolewa katika mkutano ujao.