Baiskeli ya Umeme: Maswali ya Kuulizwa Kabla ya Kuinunua na Kabla ya Kuipanda

Hazina mngurumo wala moshi, na pengine ndiyo sababu baiskeli za umeme zimeingia mitaani mwetu pasi na wengi kutanabahi. Huenda ukaiona moja imefungwa kando ya duka, nyingine imembeba mama na kapu lake la sokoni, na nyingine yapita mbio kati ya tuktuk na matatu huku aliyeipanda hazungushi pedeli hata kidogo. Zote zaitwa kwa jina moja. Ukweli ni kwamba si chombo kimoja, na tofauti iliyopo baina yao ndiyo inayoamua kama nyumba imejipatia msaada au imejinunulia msiba.

Mvuto wake waeleweka. Mama anayepika mahamri na viazi karai vya kuuza hulipa nauli asubuhi na jioni, na faida ya sahani kadhaa huishia mkononi mwa dereva. Betri ya kawaida ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360, yaani kuijaza hutumia chini ya nusu yuniti ya ile tokeni tunayonunua kwa ajili ya nyumba. Kwa chaji hiyo moja, mpandaji anayesaidia kwa miguu yake aweza kwenda kiasi cha kilomita 30 hadi 50, kwa kutegemea uzito wake, mzigo, upepo na hali ya njia. Mwenye kupenda na aandike nauli zake za mwezi mmoja, kisha alinganishe. Lakini hesabu ya nauli ndiyo ya pili. Kuna nyingine inayotangulia.

Ni baiskeli au ni pikipiki?

Aina ya kwanza ni baiskeli inayomsaidia mpandaji. Ukizungusha pedeli, mota hukuongezea nguvu. Ukiacha kuzungusha, nayo huacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ili chombo kihesabiwe kuwa baiskeli, mota yake haipaswi kupita wati 250, na msaada wake lazima ukatike mwendo ufikapo kilomita 25 kwa saa. Uingereza ina kipimo kama hicho, na humtaka mpandaji awe ametimiza miaka 14.

Aina ya pili ina kishikio cha kuongeza mwendo kama cha bodaboda. Waweza kukaa juu yake miguu imetulia, nayo ikaenda kwa nguvu za mota peke yake, na baadhi yake hufika kilomita 45 kwa saa au zaidi. Pedeli zake aghalabu ni pambo tu. Nchini Uholanzi, nchi ambayo baiskeli ni chombo cha kila siku cha wakubwa na wadogo, hata zile za pedeli zenye kufikia kilomita 45 kwa saa zimehesabiwa tangu mwaka 2017 kuwa pikipiki ndogo, na hutakiwa kuwa na nambari, bima na kofia ngumu. Dubai, ambako wengi wetu tuna ndugu na jamaa, kanuni za mwaka 2022 zilimkataza aliye chini ya miaka 16 kupanda baiskeli ya umeme.

Kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huita gari chombo chochote kinachoendeshwa kwa nguvu za mashine, na maelezo hayo hayatofautishi petroli na umeme. Kwa hivyo chombo kinachokwenda kwa mota pekee kina sura ya pikipiki mbele ya sheria, hata muuzaji akikiita baiskeli. Na pikipiki ina masharti yake: usajili, nambari, bima, leseni ya mwendeshaji, kofia ngumu na koti linaloakisi mwanga.

Njia ya salama ni nyepesi. Kabla ya kulipa, mtake muuzaji akuandikie mambo matatu: wati za mota, mwendo wa juu kabisa, na kama chombo chaweza kwenda bila ya kuzungushwa pedeli. Chukua karatasi hiyo hadi ofisi ya NTSA uulize chombo cha namna hiyo chahitaji nini. Muuzaji asiyekubali kuyaandika hayo matatu amekwisha kukujibu.

Jambo hili si la kuogopa askari tu. Mwenye chombo kisichosajiliwa wala kukatiwa bima akimgonga mzee anayetoka msikitini, gharama za matibabu, na pengine fidia, zitatoka mfukoni mwa nyumba ile ile iliyotaka kuokoa nauli. Dhima hiyo haiondoki kwa kusema, "Sikujua."

Mwendo wenyewe pia una hesabu yake. Kwa kilomita 25 kwa saa, chombo hukata karibu mita 7 kila sekunde moja. Kwa kilomita 45, hukata mita 12 na nusu. Mtoto akikurupuka kutoka kichochoroni, sekunde moja ndiyo muda ambao mtu huhitaji kuona na kuanza kushika breki. Na kishindo cha kugonga kwa kilomita 45 ni zaidi ya mara tatu ya kile cha kilomita 25. Kwa matumizi ya nyumbani, ushauri wetu ni ile ya polepole.

Ukiikagua dukani

Iinue. Nyingi zina uzito wa kilo 20 hadi 25, na wakaao ghorofani katika nyumba za Mji wa Kale wajua ngazi zake zilivyo nyembamba. Kama huwezi kuipandisha, tafuta yenye betri inayotoka kwa ufunguo, uiache baiskeli chini imefungwa kwa kufuli na uchukue betri peke yake.

Jaribu breki zote mbili ukiwa umeipanda, kwa sababu uzito wake wadai breki zenye nguvu kuliko za baiskeli ya kawaida. Tazama kama mnyororo umefunikwa. Uliza nani ataitengeneza ikiharibika na betri nyingine itapatikana wapi, kwani betri huchoka kwa miaka, nayo ndiyo sehemu ya ghali kuliko zote. Angalia pia alama za usalama: EN 15194 ni kiwango cha Ulaya kwa baiskeli hizi, na UL 2849 ni cha Marekani. Alama pekee haitoshi, kwani nayo hughushiwa, lakini chombo kisicho na alama yoyote wala jina la mtengenezaji ni cha kuachwa pale pale kilipo.

Pwani yetu ina adui mwingine, nayo ni chumvi ya bahari. Ifute baiskeli mara kwa mara kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uikaushe. Usiimwagie maji ya mpira wenye nguvu, kwani yatapenya kwenye mota na nyaya. Mnyororo utie mafuta, na vyuma vya betri vinapogusana viwe vikavu na safi.

Haki ya njia

Mwenye kupanda baiskeli ya umeme ni mtumiaji wa barabara kama dereva wa lori. Huenda upande wa kushoto. Husimama taa ikiwa nyekundu, na husimama kwenye kivuko cha pundamilia mtu anapovuka. Haingii njia ya upande mmoja kinyume, hata kama bodaboda zote zafanya hivyo. Kwenye raundabauti huwapisha waliokwisha kuingia kutoka mkono wake wa kulia. Anapotaka kugeuka hutazama nyuma kwanza, kisha hunyoosha mkono, ndipo agawe njia. Simu hukaa mfukoni.

Matatu iliyosimama ni mtego. Abiria hushuka upande wa kushoto, mahali pale pale ambapo mpanda baiskeli hujipenyeza. Ukiiona imesimama, punguza mwendo hadi uweze kusimama kabisa, au ngoja iondoke. Magari yaliyoegeshwa nayo uyapite kwa umbali wa mlango uliofunguliwa.

Tangu jua lizamapo hadi kupambazuke, taa nyeupe iwake mbele na nyekundu nyuma. Wapandaji wengi hurudi nyumbani baada ya Magharibi au Isha, na buibui jeusi juu ya baiskeli nyeusi halionekani na dereva hadi amelifikia. Mshipi au koti linaloakisi mwanga si ghali, na lavaliwa juu ya stara bila ya kuiharibu.

Lipo jambo ambalo baiskeli hii hulidai kuliko vyombo vingine vyote: haisikiki. Bibi anayevuka, mtoto anayecheza, na asiyeona anayetegemea masikio yake, wote hawajui kwamba unakuja. Piga kengele mapema, ukiwa bado mbali. Kengele ipigwayo mgongoni mwa mtu humshtua, na aliyeshtuka hujua kuruka tu, hajui aruke upande gani. Katika vichochoro na penye msongamano wa soko, zima mota, ushuke, uikokote. Njia ya waendao kwa miguu ni yao. Tumefundishwa tangu vyuoni kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi ni vigumu kumfikiria Muislamu ambaye yeye mwenyewe ndiye udhia.

Mavazi, na watoto

Baadhi ya nyumba zitajadiliana kwanza kama mama au binti apande baiskeli, na mazungumzo hayo ni yao pamoja na walimu wao. Wakishakubaliana, stara haina ugomvi na usalama, ila yahitaji mpango. Hatari kubwa ni upindo wa buibui kunaswa na mnyororo au spoki za gurudumu la nyuma, na mota yaweza kuendelea kuvuta kwa kitambo baada ya nguo kunaswa. Chagua baiskeli isiyo na chuma cha juu katikati, ili kupanda na kushuka kuwe kwepesi. Tia kifuniko cha mnyororo na kinga ya nguo pande zote mbili za gurudumu la nyuma, kama zilivyo baiskeli nyingi za mjini huko Uholanzi. Buibui lisilo pana mno chini, na suruali ndani yake, lafaa zaidi. Ncha za mtandio zifungwe au ziingizwe ndani.

Kofia ngumu huvaliwa juu ya hijabu nyepesi isiyoteleza. Toa pini zilizo juu na nyuma ya kichwa, kwani ukianguka zitachoma. Fundo la nywele lishushwe hadi shingoni ili kofia ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi. Kofia inayochezacheza kichwani haikulindi.

Mtoto mdogo aketi kwenye kiti chake chenye mkanda na mahali pa kuweka miguu, na kichwani avae kofia yake. Kumkalisha upande juu ya kibebeo cha nyuma, miguu yaning'inia karibu na spoki, ni kuuweka mguu wake rehani. Daima zima umeme kabla ya kumpandisha au kumshusha, kwani mkono mdogo ukishika kishikio cha mwendo, baiskeli huondoka bila ya mwenyewe. Na kumkabidhi kijana wa miaka 11 au 12 chombo hiki ili awahi madrasa ni mapenzi yaliyopotea njia.

Betri iko ndani ya nyumba

Wengi huhofia barabara na kusahau soketi ya ukutani. Betri za lithiamu zikiharibika kwa ndani, kwa kuanguka, kuingia maji au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake, seli moja hupata joto na kuichoma ya pili, na ya pili huichoma ya tatu, kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kufikiri. Hutoa moshi wenye sumu, na hata moto ukizimwa waweza kuwaka tena. Jijini New York, moto wa betri za namna hii uliua watu 18 katika mwaka 2023 peke yake, na mwaka huo huo jiji likapiga marufuku kuuza baiskeli za umeme zisizothibitishwa usalama wake.

Nyumba zetu nyingi zina mlango mmoja na ngazi moja. Basi usichaji betri mlangoni, ukumbini wala chini ya ngazi, kwa sababu moto ukizuka hapo umeziba njia ya kutokea. Usiichaji watu wakiwa wamelala. Tumia chaja iliyokuja nayo, moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, mbali na mapazia na magodoro. Ukirudi kutoka juani, iache ipoe kwanza. Ikijaa, toa chaja. Ukiona imevimba, inanuka au ina joto lisilo la kawaida, usiitumie tena na usiiweke ndani. Na ikishika moto, usijaribu kuwa shujaa: watoe watu, funga mlango nyuma yenu, piga 999.

Mwenye nia ya kununua na awaite wa nyumbani wakae pamoja jioni moja, waamue mambo manne: nani ataipanda, atapita njia gani, betri itachajiwa wapi na saa ngapi, na kofia ni ngapi. Bei ya kofia na taa iingizwe katika bei ya baiskeli tangu mwanzo. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, subirini mwezi mwingine. Mwenyezi Mungu awahifadhi nyote, mnaopanda na mnaotembea.